Mabifu Kuelekea Onyesho Kuu la Mieleka Mtwara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu tuanze kuandika hadithi ya onyesho la mieleka la kulipia litakalofanyika Mtwara mjini, maswali hayakauki. Mengine yanatoka kwa watu wanaofuatilia mieleka ya Marekani tangu utotoni, mengine kwa wanaokutana na jambo hili kwa mara ya kwanza. Nimekusanya hapa yale yanayojirudia. Nitakayoyajua nitayajibu kwa kirefu, na siri za matokeo nitazificha.

Onyesho hili lipo kweli? Tiketi zinapatikana wapi?

Halipo. Ni hadithi ya kubuni: wapiganaji, mkanda, mapambano na matokeo yake. Uwanja wa Nangwanda Sijaona ndio wa kweli, na mambo ya mieleka ya Marekani ninayoyatolea mfano yalitokea kweli. Akija mtu kukuuzia tiketi, usimpe hata senti.

Kwa nini mnatumia wiki nyingi kwenye ugomvi badala ya kwenda moja kwa moja kwenye pambano?

Kwa sababu ugomvi ndio unaomfanya mtu atoe hela. Pambano likija bila sababu, unaangalia watu wawili wakirushana mpaka wachoke, basi.

Chukua WrestleMania, onyesho kubwa kuliko yote la mieleka ya Marekani. Ya tatu ilikuwa tarehe 29 Machi 1987, Pontiac Silverdome, jimbo la Michigan. Hulk Hogan na Andre the Giant walikuwa wameoneshwa kama marafiki kwa miaka. Mapema mwaka huo Andre akatokea kwenye kipindi cha Roddy Piper akiwa na Bobby Heenan, mtu ambaye kila shabiki alijua ni adui wa Hogan. Kumwona tu ubavuni kwa Andre ilikuwa pigo. Kisha Andre akamrarulia Hogan fulana na kumkatia cheni yenye msalaba shingoni. Waandaaji walitangaza kwamba watu 93,173 walijaa uwanjani, hesabu ambayo wengine wanaibishia mpaka leo. Pambano lenyewe lilikuwa la taratibu sana, maana Andre alishakuwa na maumivu makali ya mgongo. Lakini Hogan alipomnyanyua juu na kumbwaga, picha ile ikaishi kuliko mapambano mengi yaliyochezwa kwa ustadi zaidi.

Usiku huohuo Ricky Steamboat alipambana na Randy Savage, na mpaka leo wengi wanalihesabu pambano lao kuwa miongoni mwa bora kabisa kupata kutokea. Hata hilo lilikuwa na kisa chake: miezi michache nyuma Savage alimponda Steamboat koo kwa kengele ya ulingoni. Kwa hiyo ustadi wao ulikuwa na mahali pa kuegemea.

Adui mkuu ndiye Kangomba. Jina hilo mmelitoa wapi?

Msomaji wa Mwanza au Arusha anaweza kulipita tu. Kwa mtu wa Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea au Liwale, jina hilo peke yake linapandisha hasira. Kangomba ni ununuzi wa korosho wa mlango wa nyuma. Mnunuzi anaingia kijijini mikorosho ikiwa bado maua, wakati mkulima hana ada ya shule ya mtoto wala hela ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Anampa fedha kidogo. Msimu ukifika anachukua mzigo kwa kopo au bakuli lake mwenyewe, mizani haipo, na bei ni aliyoipanga yeye. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kwenye korosho mwaka 2007 ulikusudiwa kuziba mwanya huo: mzigo unapelekwa chama cha msingi cha ushirika, unapimwa, unaingia ghala kuu, unauzwa kwa mnada. Na mwaka 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulikabidhi jeshi kazi ya kuzisomba, uhakiki ulifanywa ili wenye mashamba watenganishwe na kangomba.

Kwa hiyo adui wetu hahitaji kuvaa ngozi ya chui wala kupaka uso rangi. Anaingia ulingoni na shati jeupe lililopigwa pasi, mkanda wa ubingwa begani, kopo mkononi. Watu wanazomea kabla hajafungua mdomo.

Akiufungua, anasema hivi: "Mwezi wa nane mlipokuwa hamna hata chumvi, nani alikuja kuwagongea mlango? Chama? Mnada? Ni mimi." Na hapo ndipo panapouma, maana kuna ukweli ndani yake. Mkulima aliyekwama kweli alimfuata yeye. Adui anayejua kwamba ni mbaya huchosha upesi, lakini anayeamini kwa moyo wake wote kwamba yeye ndiye msaada, huyo watu watamfuata mpaka mwisho waone anavyoanguka.

Na stelingi, yule Kuli, kwa nini aliwahi kumfanyia kazi Kangomba?

Ili awe na deni. Kuli alimbebea Kangomba magunia misimu mitatu. Alikula kwake, alilala ghalani kwake. Anajua kopo lile limepanuliwa kitako, na kwa misimu mitatu alinyamaza. Siku alipowekewa gunia la bibi mmoja wa Nanyamba, mzigo ambao aliuona kwa macho yake ukipimwa kwa dhuluma, akalitua chini na kukataa kulinyanyua. Hakupiga mtu wala hakupayuka, aliondoka zake. Bifu limeanzia hapo, na Kangomba anamwita msaliti. Kwa upande wake hakosei: kijana amekula mkate wake na sasa anamwaga siri.

Majibizano yao ya wiki iliyopita ndiyo mliyoyasambaza zaidi:

"Kijana wangu, viatu ulivyovaa nani alikununulia?"

"Wewe, tajiri. Nimevilipia kwa mgongo."

"Na leo umekuja kuomba nini?"

"Siombi kitu, tajiri. Nimekuja na mizani."

Wengi mliuliza mbona bado anamwita tajiri. Amemwita hivyo misimu mitatu, ulimi hauachi mazoea kwa siku moja. Siku atakayoacha, mtajua kuna jambo limekwisha kabisa.

Ile mizani itatumika vipi?

Kwenye upimaji uzito, siku moja kabla ya onyesho. Bingwa na mpinzani lazima wapande mizani hadharani, na Kangomba hataki kupanda mizani asiyokuja nayo mwenyewe. Siwezi kusema zaidi ya hapo.

Ndugu wawili wa Mikindani wanagombania nini hasa?

Mashua ya marehemu baba yao. Kwa mirathi kila mmoja ana fungu lake sawa na mwenzake, lakini mashua haikatwi katikati. Mkubwa akawa nahodha kwa sababu ni mkubwa. Mdogo anavuta nyavu, anashona nyavu, anakesha baharini, na wakirudi ufukweni wanunuzi wa samaki wanamsalimia kaka mtu tu. Ulingoni wakawa timu moja, na hali ikawa ileile: mdogo anapokea kipigo, mkubwa anamalizia na kunyooshewa mkono na refa.

Mfano niliokuwa nao kichwani ni Bret Hart na Owen Hart. Kwenye Royal Rumble, onyesho jingine kubwa la huko, Januari 1994, walipigana kama timu. Bret aliumia goti, akang'ang'ania kuendelea badala ya kumgusa mdogo wake aingie, na refa akasimamisha pambano. Owen akampiga teke mguu uleule ulioumia. Halafu tarehe 20 Machi, kwenye WrestleMania X ndani ya Madison Square Garden, wakakutana katika pambano la kwanza la usiku na Owen akashinda kihalali, mabega ya kaka yake chini, hesabu ya tatu. Mwishoni mwa usiku huohuo Bret alimshinda Yokozuna na kutwaa ubingwa. Wenzake wakambeba juu, na Owen akasimama njiani akimtazama. Hakuhitaji kusema neno. Alikuwa amemshinda mtu ambaye sasa ni bingwa, na bado hakuna aliyemtazama yeye.

Wengine mmeniomba ndugu hawa wapigane haraka. Subirini. Kaka mtu bado anakataa kumpiga mdogo wake, na kukataa kwake kuna kazi. Undertaker naye alikataa kupigana na Kane, aliyeletwa kwenye hadithi kama mdogo wake. Kane alitokea Oktoba 1997, akang'oa mlango wa kizimba na kumgharimu Undertaker pambano, na Januari 1998 hadithi ikafika mpaka jeneza kuchomwa moto. Pambano la kwanza kati yao lilikuja Machi 1998. Kila wiki kaka alipokataa, hamu ya watazamaji iliongezeka.

Bifu la Somo na mwali wake linanigusa kuliko yote. Mmelipataje?

Linanigusa na mimi. Nieleze kwanza jambo moja: yanayofundishwa unyagoni hatuyaandiki na hatutayaandika. Tumechukua uhusiano tu, ule wa mama aliyekufunza kuwa mtu mzima, ambaye mpaka kufa kwako utamwita Somo na hutamtaja jina. Katika hadithi yetu Somo ndiye mwanamke wa kwanza kupanda ulingoni Mtwara. Mwali, binti mbanguaji wa korosho mwenye vidole vilivyobabuka kwa mafuta ya maganda, alifunzwa mieleka na yeye kila hatua.

Wiki zote hizi, kabla ya kila pambano, Mwali anakwenda kwenye kona ya Somo, anapiga goti dogo: "Shikamoo, Somo." "Marahaba, mwanangu. Funga nywele zako vizuri." Watazamaji walizoea.

Kisha akaambiwa kwamba nafasi ya kugombea mkanda wa wanawake, ambayo alidhani bado iko wazi, Somo alishaiomba kimyakimya apewe yeye. Wiki iliyofuata Mwali akapita mbele ya kona ile, akamtazama usoni, akaendelea na safari yake. Hakuamkia. Hakuna ngumi iliyorushwa usiku ule, lakini nilipokea ujumbe mwingi wa hasira kuliko wakati wowote. Wengine walimwita mtoto asiye na adabu, wengine wakasema Somo ndiye aliyevunja adabu kwanza. Nawaomba mwendelee kubishana, kwa sababu hata sisi tunaoandika tumegawanyika.

Nani mwema na nani mbaya hapo?

Bado hatujaamua, na huenda wakabadilishana. Inawezekana. Tarehe 23 Machi 1997, WrestleMania 13, karibu na Chicago, Bret Hart aliingia akiwa stelingi na Steve Austin akiwa adui. Bret akambana miguu, Austin uso mzima damu, akagoma kusalimu amri mpaka akazimia, na Ken Shamrock aliyekuwa refa akasimamisha pambano. Bret alishinda, kisha akaendelea kumpiga mtu aliyelala. Wakatoka ulingoni wamebadilishana mahali: Austin anashangiliwa, Bret anazomewa. Haikutokea kwa ghafla, watu walikuwa wamechoshwa na manung'uniko ya Bret kwa miezi na tayari walishaanza kumpenda Austin. Waandishi waliwasikiliza. Nasi tunawasikiliza ninyi.

Mtwara ni nyumbani kwa Wamakonde. Kwa nini hakuna mpiganaji mwenye kinyago cha mapiko, ngoma yao ya vinyago?

Hili nimelitafakari sana. Mexico wana mieleka ya vinyago, na huko mpiganaji anaweza kuweka kinyago chake rehani: akishindwa, anavuliwa mbele ya umati. El Santo alipigana na kucheza filamu kwa miongo akiwa amefunika uso, akaufunua kidogo kwenye televisheni mwanzoni mwa 1984, akafariki siku chache baadaye, tarehe 5 Februari, na akazikwa na kinyago chake. Jambo kubwa kwao.

Lakini kinyago cha mapiko kina wenyewe na kina taratibu zake za jando. Anayecheza ndani yake hatajwi, hata kama kijiji kizima kinamjua kwa hatua zake. Kukiweka ulingoni ili mtu akivue kwa nguvu kungekuwa kuwavunjia heshima wazee, na mimi sitaki. Nilichojifunza kwenye mapiko ni namna ya kutazama. Mtazamaji anajua kuna mtu ndani, na bado anarudi nyuma kinyago kikimjia, anapiga kelele, anacheka. Mieleka inatazamwa vivyo hivyo.

Kwa hiyo mieleka ni uongo?

Mshindi hupangwa. Mwaka 1989 kampuni ya Vince McMahon yenyewe, ile inayojulikana sasa kama WWE, ililiambia Baraza la Seneti la jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani, ili iepuke masharti yanayohusu michezo ya ushindani. Miili ndiyo isiyopangwa. Agosti 1997 Steve Austin aliumia shingo vibaya kwa kuangushwa kichwa chini, na jeraha hilo lilichangia kumstaafisha mapema. Mei 1999 Owen Hart, yuleyule niliyemtaja, alifariki Kansas City baada ya kuanguka kutoka juu ya ukumbi wakati akishushwa kwa kamba. Alikuwa na miaka 34.

Wazazi, waambieni watoto wasijaribu haya kwenye mchanga wala kwenye magodoro. Hawa watu wanafunzwa kuanguka kwa miaka kabla ya kuruhusiwa mbele ya watu.

Onyesho la kulipia lilianzaje, na kwa nini sasa halisikiki sana?

WrestleMania ya kwanza, tarehe 31 Machi 1985, watu wengi waliiona kumbini: walilipa mlangoni, wakakaa mbele ya skrini kubwa iliyoletewa matangazo moja kwa moja kutoka New York. Anayekwenda kwenye kibanda cha video pale Magomeni au Chikongola na kutoa hela yake mlangoni anafanya jambo lilelile. Baadaye malipo yakahamia nyumbani kupitia televisheni za waya, na bei ikapanda hadi zaidi ya dola 50 kwa onyesho moja. Februari 2014 WWE wakaanzisha huduma yao ya intaneti kwa dola 9.99 kwa mwezi, maonyesho yote yakiwemo. Hapo uzito wa kulipia usiku mmoja ukapungua. Sisi tumerudisha utaratibu wa zamani kwenye hadithi kwa sababu unamlazimisha mwandishi: kama bifu halimfanyi mtu atoe hela yake leo, bifu halijaiva.

Mbona hadithi inaanzia mwezi wa nane na onyesho lipo mwisho wa mwaka?

Fuata korosho. Kangomba anatembea vijijini wakati wa maua, minada inaanza Oktoba, na onyesho linakuja malipo ya mwanzo yakishaingia. Ndio wakati watu wa huku wana fedha ya kiingilio.

Yale ya Marekani tunayaona saa ngapi huku?

Onyesho likianza saa moja jioni New York, kwetu ni saa nane usiku wakati wa kiangazi chao, na saa tisa usiku wakati wa baridi yao. Jumamosi yao ni alfajiri ya Jumapili yetu.

Kuna Mwafrika aliyewahi kupewa hadithi nzuri kule?

Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana. Ningekuwa na uwezo ningemfanya kila anayeandika mabifu asome safari yake ya mwaka 2019. Alikuwa amekaa kwenye kampuni miaka kumi na moja, anapendwa, hapewi ubingwa mkubwa. Februari mwenzake Mustafa Ali akaumia na Kofi akaingizwa kujaza nafasi. Usiku mmoja akapambana na watu mfululizo kwa karibu saa nzima, na umati ukamkamata moyoni. Kuanzia hapo McMahon, ndani ya hadithi, akawa anamwekea kikwazo juu ya kikwazo: unastahili, lakini bado, umeshinda, lakini pigana tena. Nani kati yetu hajawahi kuambiwa hivyo ofisini au kwenye usaili? Tarehe 7 Aprili, kwenye WrestleMania 35, akamshinda Daniel Bryan, na wanawe wakapanda ulingoni. Oktoba mwaka uleule Brock Lesnar akamnyang'anya mkanda kwa sekunde chache tu. Hilo lilinikera na linanikera bado. Umati uliosubiri miaka kumi na moja ulistahili angalau pambano.

Kuli atashinda?

Siwaambii.

Pambano gani litafunga usiku?

Ndugu wa Mikindani watafungua, kama Bret na Owen walivyofungua mwaka 1994, ili watoto wawaone kabla hawajasinzia. Ubishi uliobaki ni wa mwisho. Wenzangu wanataka Kangomba na Kuli, kwa kuwa mkanda mkubwa uko hapo. Mimi nataka Somo na Mwali. WrestleMania 35 ilifungwa na wanawake, Becky Lynch, Charlotte Flair na Ronda Rousey, mara ya kwanza kwa onyesho hilo, na kosa lake lilikuwa urefu: lilipita saa sita usiku na watu walishachoka. Kwa hiyo nimependekeza tuondoe mapambano mawili ya katikati ambayo hayana bifu lolote nyuma yake. Kangomba na Kuli wapande kabla, watu wapige kelele wanayotaka kuipiga tangu mwezi wa nane. Kisha wanawake hawa wawili waingie, na kabla kengele haijalia kila mtu uwanjani atakuwa anasikiliza kama Mwali ataamkia.